Vigingi vya Chuo cha Vado Seco

Jumatano asubuhi, kura zikiwa zimeshahesabiwa na mabango ya uchaguzi yakiwa bado yamesimama kando ya barabara kama wageni wasiojua kuaga, Cipriano Tafoya aliketi katika mgahawa wa Vado Seco, New Mexico, mbele ya sahani ya mayai na pilipili ya kijani. Alikuwa akifanya kazi aliyoijua kuliko zote: kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu.

Hakuja Vado Seco kwa hiari. Rejeta ya gari lake ilikuwa imepasuka maili mbili nje ya mji, na fundi alimwambia angoje kifaa kije kutoka Albuquerque. Alikuwa na miaka hamsini na minne, sharubu zilizochanwa vizuri, goti moja bovu, na sauti ya padri aliyekwisha kukusamehe kabla hujaungama. Kwa miaka thelathini alikuwa ameishi kwa fedha za watu wengine bila kumwibia mtu yeyote kwa nguvu wala kwa kisu. Na alikuwa na mwiko mmoja alioushika kuliko wengi wanavyoshika amri za Mungu. Hakusema uongo. Uongo, kwa maoni yake, ni kazi ya mteja. Fundi mzuri anampa mteja nafasi, basi, halafu anamwacha ajidanganye mwenyewe kwa kipimo chake.

Meza ya pili alikaa Thurman Hadley, muuza magari, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo. Tangu Septemba Hadley alikuwa amesimamisha mbele ya duka lake bango kubwa kama mlango wa ghala, limeandikwa HAPANA. Alikuwa akipinga swali la tatu kwenye karatasi ya kura: je, wananchi wanakubali jimbo lao liuze hati fungani, yaani likope fedha, ili kutengeneza na kupanua vyuo? Wananchi walikuwa wamekubali. Chuo cha ufundi cha Vado Seco kingepata dola milioni sita. Na Hadley, aliyelia miezi miwili kwamba chuo ni shimo la kutupia fedha, sasa alikuwa akimuuliza mhudumu kama amesikia shimo lenyewe litachimbwa wapi.

"Lazima wanunue kiwanja," alimwambia Darlene Stokely, mwenye moteli, aliyekuwa amekaa naye. "Mimi nina ekari ishirini nyuma ya uwanja wa rodeo. Tambarare kama meza."

Darlene alikoroga kahawa yake. Alisema yeye ana thelathini kando ya barabara kuu, na kwamba siku zote, tangu utotoni, ameipenda elimu.

Cipriano aliacha kutafuna. Kuna watu wakisikia muziki miguu hucheza yenyewe. Yeye akisikia tamaa, hata pilipili ilipoteza ukali.

Mchana huo alikwenda kwenye duka la mitumba la kanisa akanunua kofia ngumu ya mjenzi, reflekta ya rangi ya machungwa, na kamera mbovu yenye miguu mitatu. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi akachukua vigingi ishirini vya mbao na utepe wa rangi ya waridi. Mtaji mzima haukufika dola sitini na tano. Alhamisi, jua likiwa limepanda kidogo, alisimama kwenye hifadhi ya barabara, hatua tatu nje ya ardhi ya Hadley, akapigilia vigingi, akafunga utepe, akainama kwenye kamera yake kwa uso wa mtu anayeona kitu.

Kahawa ya Hadley haikupata nafasi ya kupoa. Alifika na gari, akashuka akijikung'uta makombo.

"Unapima nini, bwana?"

"Siruhusiwi kuzungumza," alisema Cipriano, na ilikuwa kweli tupu, maana mahakama za kaunti tatu zilikuwa zimemkataza kwa maandishi kuzungumza na mtu yeyote kuhusu viwanja.

"Ni mambo ya chuo?"

Cipriano alitazama kushoto, akatazama kulia, akakunja polepole karatasi aliyokuwa ameishika, ambayo ilikuwa orodha ya vyakula vya mgahawa. "Bwana Hadley, mimi naweka vigingi tu. Wanaoamua ni wengine."

"Jina langu umelijuaje?"

"Umeliandika kwenye bango lako. Chini ya HAPANA."

Hadley alitazama pembeni. Jioni ile bango lilishushwa.

Ijumaa Cipriano aling'oa vigingi vyote na kuvihamishia mbele ya ekari thelathini za Darlene. Kufikia adhuhuri Darlene alikuwa amempa chumba bora cha moteli yake bila malipo, chenye kitanda kinachotetemeka ukitia sarafu, na alikuwa amempelekea pia mfuko wa sarafu. Kufikia saa kumi Hadley alikuwa mlangoni pa chumba hicho hicho, kofia mkononi, akiuliza kwa mzunguko, kama mtu anayemposea mwanawe binti wa watu, kuna ubaya gani vigingi vikirudi vilikokuwa.

"Ubaya ni jasho langu tu," alisema Cipriano.

"Jasho lina bei yake."

"Sijasema hivyo."

"Nimesema mimi," alisema Hadley, akaweka bahasha mezani. Cipriano aliipokea kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, kama apokeavyo rambirambi mfiwa.

Basi vigingi vikaanza safari. Vilirudi kwa Hadley, vikaenda kwa Darlene, vikarudi tena. Wiki ya pili vilitembelea shamba la mipekani, ile miti izaayo kokwa za kutafuna, la Filiberto Ansures, diwani aliyefungua kila kikao cha halmashauri kwa sala ndefu. Yeye hakuleta bahasha. Alileta mfuko wa kokwa za mipekani, akamsihi Cipriano asizile mpaka afike chini kabisa. Kila mmoja aliamini kwamba wenzake wanatoa rushwa, jambo lililomsikitisha sana, na kwamba yeye mwenyewe anasawazisha mizani tu. Darlene alibadilisha maandishi kwenye mnara wa moteli yakawa KARIBUNI WANACHUO. Hadley akabandika kwenye kila gari la kuuza kibandiko kisemacho elimu ni ufunguo. Katika siku kumi na saba Cipriano alikuwa ameweka kwenye begi lake la nguo za ndani dola elfu arobaini na moja, na hakuwa amesema neno moja ambalo angeweza kushtakiwa kwalo.

Kifaa cha rejeta kilikuwa kimefika siku nyingi. Mtu mwenye busara angeondoka. Lakini Cipriano alikuwa amekaribishwa chakula.

Aliyemkaribisha ni Bibi Eufemia Lucero, mjane wa miaka sabini na mitatu, mwembamba, aliyevaa buti za marehemu mumewe. Abelino, huyo mumewe, alifanya usafi katika chuo cha ufundi miaka ishirini na sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kuhamisha ndoo, kwa sababu dari lilivuja na kila mvua ilichagua mahali papya. Alikufa kwa nimonia. Msimu ule wote wa kampeni Bibi Eufemia alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akiomba watu waseme ndiyo, na siku ya kura alikaa kwenye meza ya kituo tangu alfajiri, akimpa kila mtu karatasi yake. Alisimamisha gari lake kuukuu karibu na vigingi, akamtazama Cipriano kwa muda, akamwambia anaonekana ana njaa, aje ale posole.

Cipriano alienda akitarajia bahasha. Hakukuta bahasha. Alikuta bakuli kubwa la posole, yale mahindi meupe yaliyochemka na nyama mpaka yakachanua kama maua, na mwanamke aliyemuuliza habari za goti lake, na kama mama yake yu hai, na alizikwa wapi. Kwa nusu saa aliyajibu maswali hayo kwa ukweli bila kupanga chochote, na alipotoka nje alijisikia mwepesi na mwenye wasiwasi, kama mtu aliyesahau kitu. Kuhusu chuo Bibi hakumuuliza hata neno. Alirudi keshokutwa yake. Akarudi tena.

Aligundua kwamba Bibi ana ekari kumi na moja ng'ambo ya reli. Zilionekana kutoka dirisha la jikoni: ardhi nyeupe kwa chumvi, ambapo hata mbuzi wake walipita kwa haraka. Cipriano hakuipa nafasi mawazoni. Hata tapeli ana heshima yake. Hawezi kuhamishia vigingi mahali kama pale bila kuchekwa.

Asubuhi ya mara ya nne, alipokuwa akipuliza kijiko cha kwanza, alisikia mngurumo. Akatazama dirishani. Katikati ya ile ardhi nyeupe palisimama lori lenye mnara wa kuchoronga ardhi, na wanaume watatu wenye kofia ngumu na reflekta. Cipriano aliweka kijiko chini. Reflekta zao zilikuwa zimefifia na zimechafuka kwa grisi, na kofia zilikuwa na mikwaruzo. Yake ilikuwa safi. Alijua tofauti ya mtu aliyevaa kazi na mtu aliyevaa nguo za kazi.

"Wale ni nani, mama?"

"Wachimbaji."

"Wanatafuta nini?"

"Wanataka kujua chini kuna nini," alisema Bibi Eufemia. "Kula, mwanangu, posole ikipoa inaganda."

Alikula, lakini hakuonja. Baadaye alivuka reli kwa mguu. Mmoja wa wachimbaji, aliyekuwa akijaza udongo kwenye vikopo na kuandika namba juu yake, alipoulizwa kazi ile ni ya nani, alimjibu kwamba amuulize mwenye ardhi. Cipriano alirudi akichechemea, na kichwani mwake chuo kilikuwa kimeshasimama. Kumbe hapa! Kumbe wakati yeye anacheza na vigingi vya dola tatu, serikali yenyewe ilikuwa imechagua mahali pake, kimya kimya, kama serikali zinavyofanya. Na kikongwe huyu maskini hajui anachokikalia. Angepewa nini? Serikali ikinunua hulipa mara nne, mara tano.

Ni lazima isemwe, kwa haki yake, kwamba hakulala vizuri. Lilikuwa jambo geni kwake. Alifikiria goti lake, na miaka mingapi zaidi ataweza kusimama juani akiinamia kamera mbovu. Alifikiria nyumba ndogo yenye kibaraza. Na wazo lililomtuliza mpaka usingizi ukaja lilikuwa hili: kununua ardhi si utapeli. Watu wenye heshima hununua ardhi kila siku. Kwa mara ya kwanza maishani mwake angefanya biashara halali.

Asubuhi alimwambia Bibi Eufemia kwamba ameipenda Vado Seco, na kwamba angependa kuwa na kipande chake. Alianza na dola elfu kumi.

Bibi alisema ardhi ile Abelino aliipenda. (Abelino aliilaani kila siku ya maisha yake, lakini mjane ana haki ya kukumbuka apendavyo.) Cipriano akasema elfu ishirini. Bibi akasema hana haja ya fedha, mbuzi wanamtosha. Cipriano akasema thelathini, na sauti yake ya padri ikakwaruza kidogo. Bibi akainuka kuosha vyombo. Sahani ya tatu ilipowekwa juu ya kitambaa, walikuwa wamefika elfu thelathini na tisa.

"Una hakika, mwanangu? Pale hapaoti kitu."

"Mimi si mkulima, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Alimuuliza tena mbele ya karani wa benki aliyeshuhudia sahihi zao, na alimwomba karani aandike kwenye hati kwamba mnunuzi ameiona ardhi kwa macho yake na hakuahidiwa kitu chochote. Cipriano alitabasamu kwa kipengele hicho. Angekuwa yeye muuzaji, angekiandika vile vile. Ilibaki shida moja tu. Ili siku ya kuiuzia serikali pasiwe na mushkeli, hati ilihitaji jina la kweli, lenye kitambulisho cha kweli. Katika mji ule watu walimwita Mhandisi Robles, jina walilolisoma kwenye kofia yake ya mitumba, naye hakuwasahihisha. Alisita, kalamu hewani, kisha akaandika kwa herufi za mtoto wa shule jina alilopewa na mama yake.

Jumanne iliyofuata, saa kumi jioni, mkuu wa chuo aliita wananchi kwenye ukumbi kuwaeleza mipango. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha ndoo mbili katikati ya viti, na tone lilidondoka kila baada ya muda. Hadley, Darlene na diwani Ansures walikaa mbele, kila mmoja amevaa kama bwana harusi. Cipriano alikaa nyuma, hati yake mfukoni.

Mkuu wa chuo, mama mmoja mfupi aitwaye Yolanda Prather, alionyesha mchoro ukutani. Paa jipya. Mabomba mapya. Karakana ya uchomeleaji, na vyumba vya kufundishia wauguzi, vyote vikiongezwa nyuma ya jengo hilo hilo, palipokuwa pakiegeshwa magari.

Hadley alinyoosha mkono. Aliuliza kwa adabu sana kiwanja kitakachonunuliwa ni cha ukubwa gani.

"Hakuna kiwanja kitakachonunuliwa," alisema mkuu wa chuo.

Tone likadondoka kwenye ndoo.

"Swali lenyewe lilisema hivyo," aliendelea, akionekana kuwahurumia kidogo. "Kutengeneza na kupanua majengo yaliyopo. Maneno yale yalikuwa kwenye karatasi ya kura. Mliyoipigia kura."

Hadley alimtazama Darlene. Darlene alimtazama diwani. Kisha wote watatu wakageuza shingo kutazama kiti cha nyuma, na mtu aliyekikalia alikuwa amebadilika rangi kuliko wao. Wangesema nini? Kwamba walimhonga mtu wa serikali, naye hakuwa hata mtu wa serikali? Diwani Ansures alisafisha koo akapendekeza kikao kifungwe kwa sala, na sala yake haikuwahi kuwa fupi namna ile.

Bibi Eufemia alikuwa jikoni akichambua maharage Cipriano alipoingia bila kubisha. Bibi alimsogezea kiti cha pili kwa mguu.

"Wale wachimbaji," alisema Cipriano.

"Ramón na wenzake. Mwana wa ndugu yangu. Huchimba visima."

"Ulikuwa unatafuta maji."

"Mara ya tatu sasa. Mara mbili za mwanzo alichimba marehemu. Ni maji ya chumvi, mwanangu. Hata ya kuoshea miguu hayafai."

Cipriano alikaa. "Uliniacha niamini."

"Nilikuambia chuo kitajengwa pale?"

"Hapana."

"Uliniuliza?"

Cipriano alijua kabisa kwa nini hakuuliza: angeuliza, bei ingepanda. Bibi alisukuma kwake fungu la maharage, naye, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akaanza kuchambua.

"Nilikaa kwenye meza ile ya kura kwa saa kumi na tatu," alisema Bibi Eufemia. "Niligawa karatasi mia sita na kitu. Nilitazama macho ya watu. Waliosoma mpaka chini hawazidi ishirini. Hadley hakusoma, alitia alama ya hapana kama anayeua mbu. Wewe nilipokuona na vigingi vyako nikasema, na huyu naye hakusoma."

"Na sasa?"

"Sasa una ardhi. Wengi wanakufa hawana." Alitupa jiwe dogo nje ya fungu. "Kuna bahasha itakuja Novemba ijayo, ya kodi. Usiitupe. Ndani yake mna sehemu ya zile hati fungani. Jimbo halipewi bure. Linakopa, na wenye ardhi ndio wanaorudisha, kidogo kidogo, kila mwaka, miaka kumi."

"Wenye ardhi," alirudia Cipriano.

"Sisi wote. Wewe kwa bei uliyonunulia, kama dola kumi na nane kwa mwaka. Paa kubwa, lakini tuko wengi."

Cipriano, aliyekuwa amepoteza elfu thelathini na tisa bila kupandisha sauti, alipiga meza kwa ajili ya zile kumi na nane. Alisema hajawahi kulipa kodi katika maisha yake. Alisema hataanza uzeeni. Bibi alimwacha amalize, akamwambia amekosa harage moja bovu, pale karibu na kidole chake.

Aliondoka Vado Seco kesho yake. Bibi Eufemia alikwenda kwa Hadley kununua gari dogo la mizigo, akalipa taslimu. Hadley alizihesabu zile noti, na kwenye kadhaa akakuta alama ndogo ya kalamu ya kijani ambayo karani wake huweka. Alimtazama Bibi, akatazama noti, akazitia kwenye droo bila neno, na akampa na matairi ya akiba. Majira ya kuchipua ya mwaka wa pili, karakana mpya ilipofunguliwa, Bibi alijiandikisha darasa la uchomeleaji, kwa sababu, alisema, lango la mbuzi wake limengoja mafundi vya kutosha.

Cipriano alijaribu kuiuza ardhi mara nne. Kila mnunuzi aliomba kwanza kuiona. Alihama El Paso, akahama Tucson, akabadilisha majina mawili, lakini jina lililo kwenye hati lilikuwa la kweli, na jina la kweli lina anwani zake, shangazi zake, leseni zake. Kila Novemba bahasha ilimfikia. Mwaka wa kwanza aliitupa. Mwaka wa pili ilikuja na faini, akalipa vyote viwili.

Stakabadhi ya malipo hayo aliikunja akaiweka kwenye pochi. Siku hizi, anapokaa mgahawani na mtu mwenye fedha ambaye bado anasitasita, huitoa na kuilaza mezani polepole, na kueleza kwamba yeye ni mmoja wa waliojenga chuo cha ufundi cha Vado Seco. Ndiyo karatasi pekee ya kweli aliyowahi kumwonyesha mteja. Na kila anayeonyeshwa huisoma mpaka chini, palipoandikwa faini, humtazama yeye mara mbili, kisha huvuta mkoba wake karibu na kuomba bili.